Mali Bila Daftari: Shule za Umma Mikononi mwa Kampuni



Tumekutana kulijadili swali ambalo wengi hudhani ni la wataalamu peke yao: je, yafaa serikali iwakabidhi watu wa kibinafsi shule za umma, waziendeshe kwa fedha za mlipa kodi? Sisi twasema swali hili ni la mwananchi kwanza.

Mpango huo una historia. Jimbo la Minnesota, Marekani, lilipitisha sheria ya kwanza ya shule za mkataba mwaka 1991. Shule hupewa uhuru wa kujiendesha, nayo huahidi matokeo. Ikishindwa, mkataba huvunjwa. Barani mwetu, Liberia iliujaribu mfano kama huo mwaka 2016, ilipokabidhi shule 93 za msingi kwa waendeshaji wanane. Mmoja wao alikuwa Bridge International Academies, kampuni iliyofungua shule yake ya kwanza hapa Nairobi, mtaani Mukuru, mwaka 2009.

Tuseme kweli, hata pale isipotupendeza. Watafiti waliozilinganisha shule hizo na nyingine za serikali walikuta, baada ya mwaka mmoja, kwamba watoto wake walikuwa wamejifunza zaidi na walimu walionekana kazini mara nyingi zaidi. Mzazi ambaye mwanawe amekaa darasani miaka mitatu bila kujua kusoma hapaswi kubezwa akiifurahia habari hiyo. Lakini watafiti hao hao walikuta gharama kubwa. Walikuta pia kwamba katika shule za Bridge walimu wengi walihamishwa, na baadhi ya watoto wakaondolewa ili madarasa yapungue. Tena, waendeshaji wengine waliteuliwa kwa ushindani. Bridge haikuteuliwa hivyo.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala. Mtoto aliyeondolewa amlilie nani? Mbunge akituangusha, twamngoja kwenye sanduku la kura. Mwenye hisa aliye ng'ambo hatumpigii kura.

Wako watakaosema sisi ni maadui wa kila shule isiyo ya serikali. Sivyo hata kidogo. Wazee wetu walipochoshwa na elimu ya mkoloni walijenga shule za kujitegemea, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha ualimu Githunguri, ambacho mkoloni alikifunga mwaka 1952. Baada ya uhuru tulijenga shule za harambee. Hazikuwa mali ya serikali, lakini waliochanga fedha walijulikana, nao waliishi jirani na shule. Aliyekuwa na lalamiko alijua mlango wa kubisha.

Wala hatuitetei shule mbovu kwa sababu tu ni ya serikali. Karo ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2003, watoto walifurika, walimu wasitoshe. Serikali isiyoajiri walimu ndiyo inayomfungulia mfanyabiashara mlango.

Katiba ya mwaka 2010 imetupa silaha. Kifungu cha 53 champa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 227 chataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi na wa ushindani.

Basi twadai mambo matatu. Mkataba wowote wa shule ya umma usomwe hadharani kabla ya kutiwa sahihi. Asiondolewe mtoto yeyote kwa ajili ya kupendezesha matokeo. Na kila shilingi ya umma ikaguliwe, hata ikipita mikononi mwa kampuni.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Shule ni mali yetu. Tulidai daftari lake.