Amana ya Majedwali: Hotuba ya Mahafali



Zamani tangazo la serikali lilipigiliwa misumari mlangoni pa ofisi ya chifu, na aliyetaka kulibadili neno moja alilazimika kulibandua lote; lakini ukurasa wa tovuti ya kaunti mtakaoutunza ninyi, wahitimu wa leo, aghalabu haukai mahali popote ukiwa mzima, kwa kuwa maneno yake yamehifadhiwa katika majedwali ya hifadhidata na umbo lake limewekwa mbali katika kiolezo, hadi mvuvi wa Mbita aguse kiungo kwenye simu yake, ndipo programu iliyo ndani ya seva inapoyauliza majedwali, ikapewa kichwa, tarehe na maelezo, ikayapanga na kumpelekea.

Edgar Codd, aliyeeleza mwaka 1970 namna ya kupanga maarifa katika majedwali yanayohusiana, ndiye aliyeuweka msingi huu, na faida yake ni adhimu: tarehe ya mwisho ya maombi ya basari ikisahihishwa mara moja, husahihika katika kila ukurasa unaoichota hapo. Hatari yake ni kadiri ile ile, maana kosa nalo huandikwa mara moja likaenea kote chini ya nembo ya kaunti, na mzazi wa Kuria akalisadiki, akafika dirishani muda umekwisha pita.

Haja ya kuhakiki kinachoingizwa katika majedwali ilionekana Januari 2008: katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walianzisha jukwaa la Ushahidi, ambapo habari za wananchi, nyingine zikitumwa kwa simu, zilihifadhiwa pamoja na mahali zilipotokea, kisha zikadhihirishwa juu ya ramani. Dunia iliistaajabia ramani. Mimi nawastahi zaidi wale waliojitahidi kuzihakiki habari hizo, kwani hakuna programu iliyoweza kuwafanyia kazi hiyo.

Kazi ya namna hiyo inawangoja nanyi: siku watu wanapomiminika kutafuta tangazo moja, seva huepushwa na mzigo kwa kuweka nakala ya ukurasa uliokwisha pangwa. Nakala hiyo isipofutwa baada ya masahihisho, itaendelea kusema ya jana. Ifuteni. Nakala za akiba za hifadhidata nazo ziwekwe mbali na seva yenyewe, na mjaribu kuzirejesha kabla ya siku ya msiba, kwa sababu nakala isiyopata kujaribiwa ni matumaini matupu.

Mifumo mingi ya kusimamia maudhui huweza kutunza matoleo ya awali ya kila andiko, pamoja na jina la aliyelibadili na saa yake. Nawasihi msiizime kumbukumbu hiyo, hata mkubwa wenu akitaka, ili mwananchi wa Suna au wa Ndhiwa akiuliza ni nani aliyebadili tarehe ile ya basari, na lini, ajibiwe.