Nyumba Huanza Kuliwa Chini

Msikilizaji, kila masika yanapokaribia, macho ya wakazi wa Kilosa, mkoani Morogoro, huelekea Mto Mkondoa, na wana haki. Kati ya Desemba 2009 na Januari 2010 mto huo ulifurika ukaingia mjini, ukakata Reli ya Kati na kuwaacha maelfu ya watu wakiishi kwenye mahema. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole, wilayani humohumo, daraja likasombwa.

Kuujengea mto tuta ni kazi ya serikali. Lakini nyumba nyingi, Kilosa hata Mikumi, hazingoji mto. Tazama ukuta wa tofali mbichi usio na msingi wa mawe: maji ya bati yanadondokea palepale, tope linarukia ukutani, udongo wa chini unamong'onyoka kidogokidogo, mpaka usiku mmoja ukuta unalala. Bati, ajabu, bado zima.

Basi msingi unyanyuliwe, upenu urefushwe, mfereji uchimbwe kuelekea mbali, si kwa jirani. Kesi za maji kuelekezwa kwa jirani zimewachosha wajumbe wetu. Na wewe uliyejenga kingoni mwa Mkondoa, mfereji hautakuokoa. Hama kabla mvua hazijaanza.