Mwanamume Mkristo na Nyumba Atakayoiacha



Nimepewa kichwa kinachouliza maana ya kuwa mwanamume wa imani. Maana yenyewe mnaijua: ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda kanisa, asiwachokoze watoto, awatunze wa nyumbani mwake. Tumeyahubiri kwenye kila ndoa. Lililonileta mimi ni siku ambayo mwanamume huyo hayupo tena.

Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo miaka 22, na mashauri ya mirathi yalinichosha kuliko ya wizi. Mwizi hajaapa madhabahuni.

Kuna baba mmoja, sitamtaja wala sitautaja usharika wake, alikuwa mweka hazina. Matanga yalipokwisha, mjane alitoa sanduku la bati alimokuwa mumewe akihifadhi karatasi. Bahasha za ahadi za miaka tisa zilikuwamo, zimepangwa mwezi kwa mwezi, kila mwaka na mpira wake. Hati ya mauziano ya kiwanja, kilichonunuliwa kwa fedha ya maziwa aliyokuwa akikamua mama yule, ilikuwa na jina la marehemu peke yake. Wosia haukuwepo. Shemeji wa mjane huyo, mshirika wa meza ya Bwana kama sisi, alinyoosha mkono akaomba funguo. Mama akazifungua kwenye pindo la khanga, akampa. Hakuna aliyesema neno. Nami nilikuwepo, kama jirani, nikanyamaza.

Wengi wanadhani cheti cha ndoa ya kanisani kinatosha kumlinda mjane. Hakitoshi. Mkristo wa hapa kwetu Tanzania akifa bila wosia, mahakama huuliza kwanza aliishije. Ikionekana aliishi kimila, basi ni Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, linalosema kwamba mjane hana fungu endapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Ikionekana aliiacha mila akaishi Kikristo, hutumika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, nayo humpa mjane theluthi moja, na watoto theluthi mbili, binti sawa na kaka yake.

Naomba tulisikie hilo vizuri. Hakimu anakaa kitini kupima kama marehemu aliishi Kikristo! Ndugu wanaleta muhtasari wa kikao cha ukoo, wanasema alichangia matambiko na hakukosa kikao. Mjane ana cheti cha ubatizo mkononi. Wakati huo mwenyewe, ambaye angejibu kwa karatasi moja, yuko kaburini.

Sisemi kanisa limelala. Nyaraka zimetolewa, na uongozi una mengi. Nasema kwa heshima kwamba nyaraka hizo husomwa mwishoni mwa matangazo, watu wakiwa wameshageukia mlango.

Sababu za akina baba nazijua. Ya kwanza ni kwamba kuandika wosia ni kujichuria. Ya pili huisemea pembeni: mke akijua kilichoandikwa, ataniwekea sumu. Baba aliyeniambia hivyo nilimwuliza, umekula kwa mkono wake miaka 30, leo unaogopa karatasi? Hakunijibu, na wosia hakuandika. Bwana wetu msalabani, katika maumivu yale, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, kwa kinywa chake, mbele za watu. Hakusema jamaa watajua la kufanya. Someni Yohana 19. Na mwenye shaka juu ya mabinti asome Hesabu 27, mabinti wa Selofehadi, kisha akumbuke kwamba mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza ilikataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi.

Napendekeza, basi, kila baba aandike wosia mwaka huu, autie sahihi mbele ya mashahidi wasio warithi, na auhifadhi panapojulikana. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanapokea, na wakili pia. Jina la mke liingie kwenye hati ya kiwanja sasa, mume akiwa hai. Mafundisho ya ndoa yawe na somo zima la mali na mirathi. Mchungaji asiendeshe ibada ya kumaliza matanga kabla hajauliza mbele ya ukoo mjane atakaa wapi. Wazee wa kanisa waandike wosia kwanza, kabla ya kuwahimiza washirika. Mshirika anayemfukuza mjane wa kaka yake aitwe kwenye baraza la wazee, kama tunavyomwita binti aliyepata mimba. Huyo tunamwita upesi sana. Jumuiya imsindikize mjane mahakamani, asisimame peke yake mbele ya mashemeji sita. Narudia la hati, kwa kuwa ndilo linalopuuzwa zaidi: jina la mke liingie.

Hili la mwisho halihitaji kikao. Nimekuja na nakala za mfano wa wosia, ziko mezani kwa katibu pamoja na kalamu. Chakula cha mchana kitachelewa kidogo.