Pedi ya Kipanya na Mkono wa Mtoto

Leo tunazungumza juu ya pedi. Usicheke, si zile unazofikiria. Ni kile kitambaa kinachowekwa chini ya kipanya cha kompyuta, ambacho kijana wako amekuomba pesa akanunue Luthuli Avenue.

Labda unajiuliza muuguzi ana haja gani na mambo ya gemu. Haja yangu ni kifundo cha mkono. Mtoto anayecheza kwa saa nyingi hurudia mwendo ule ule, na kama kifundo kimelalia ukingo mkali wa meza, anajiumiza polepole. Ndani ya kifundo mna njia nyembamba ambamo neva hupita pamoja na kano. Neva hiyo huleta hisia kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete. Ikibanwa kwa muda mrefu, vidole hivyo hufa ganzi, hasa usiku. Kwa watoto hali hiyo si ya kawaida. Mara nyingi ni kano zilizochoka. Lakini maumivu ni maumivu, na kumchua kwa dawa ya kuchua kisha kumrudisha kwenye kompyuta si matibabu.

Kabla ya kutoa pesa, muulize anacheza gemu gani. Sylvia Gathoni, Mkenya anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani mwaka 2018 kwa ustadi wake katika Tekken. Ile ni gemu ya kupigana, na wengi huicheza kwa vidude vya kushika mikononi. Mtoto wa gemu kama hiyo, au ya mpira, hana haja ya pedi ya kipanya. Anayeihitaji ni yule wa gemu za kulenga na kupiga risasi, au za vita vya kupanga majeshi.

Sasa itazame meza. Nyumba zetu nyingi zina meza ya sebuleni ya kioo, au ya mbao iliyofunikwa vitambaa vya kufuma. Kipanya cha siku hizi hutoa mwanga na kusoma sehemu kinapopita. Juu ya kioo vingi hupotea njia, na juu ya kitambaa cha kufuma hukwama na kurukaruka. Mtoto naye hukaza mkono na kukibana zaidi. Pedi hapo inasaidia kweli.

Ukubwa ndio jambo ambalo wazazi wengi hawalitilii maanani. Pedi ndogo, ya kiasi cha sentimita 25 kwa 20, humlazimu mchezaji kuzungusha kifundo peke yake. Kwa gemu za kulenga ni heri ya sentimita 45 kwa 40 hivi, ili mkono wote usogee kuanzia kwenye kiwiko. Lakini pima meza kwanza! Pedi inayoning'inia ukingoni ni hasara tupu.

Dukani, igeuze. Chini iwe ya mpira unaoshika meza. Pitisha mkono wako kwenye kingo. Kama zinakwaruza, zitamkwaruza mtoto pia. Ya kitambaa ni laini kwa ngozi na humsaidia mtoto kusimamisha kipanya anapotaka; ile ngumu ya plastiki huteleza haraka lakini hupanguswa kwa urahisi. Mimi ningechukua ya kitambaa. Taa za rangi pembeni hazimsaidii mkono hata kidogo, ni bei tu.

Kuna pedi zenye kijito laini cha kuegemeza kifundo. Watu hukisifu sana. Kifundo kikikandamizwa hapo huku mkono unacheza, shinikizo huenda palepale penye neva. Kitumike wakati wa kupumzika tu.

Ya kitambaa ifuliwe kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, ikaushwe kivulini, mbali na jiko. Jasho na mafuta ya chipsi yakikaa huko, kipanya hukwama na uchafu huhamia mikononi.

Pedi nzuri haitoshi kama kiti ni kifupi. Kiwiko kiwe sawa na meza, miguu iguse chini. Kama haifiki, weka kreti au stuli. Kila nusu saa asimame, anyooshe vidole, achote hata maji. Na mdogo wake asiwe mtazamaji wa siku nzima: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na wa chini ya hapo asiwekwe kabisa.

Akianza kuangusha kikombe, akiamka usiku akikung'uta mkono, au ganzi ikidumu hata baada ya kupumzika gemu wiki moja au mbili, mlete kituo cha afya kilicho karibu nawe. Njoo naye mwenyewe, maana tutamwomba akunje kifundo na kutuonyesha ni vidole vipi hasa.