Usimnyime Mtoto Chakula kwa Kukisia

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wazazi na walezi waliofika kliniki ya watoto mjini Wote. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote.



Kwanza niseme kwamba mimi si daktari. Kazi yangu ni kuandika habari za kaunti. Leo wahudumu wa afya wameniomba nizungumze kama mzazi, kwa sababu kosa nililofanya mimi linafanyika katika nyumba nyingi.

Mwanangu alikuwa na miezi minane. Asubuhi moja nilimpa uji wa unga wa mchanganyiko, ule ambao wengi wetu tunausagisha: wimbi, mtama, soya, njugu karanga na omena. Kabla hajamaliza kikombe, midomo ilivimba na vipele vikubwa vya kuwasha vikatoka shingoni na tumboni. Akatapika. Baada ya saa mbili hivi uvimbe ulipungua, nami nikashukuru Mungu na kubaki nyumbani.

Jirani aliniambia huo ni mzio. Hapo nikajifanya daktari. Niliondoa njugu, soya, samaki, mayai na maziwa ya ng'ombe, yote kwa siku moja. Kwa miezi mitano mtoto aliishi kwa uji wa mahindi, viazi na sukuma wiki. Siku ya kupimwa uzani, mstari wake kwenye kijitabu cha kliniki ulikuwa umeshuka. Muuguzi aliniuliza, "Nani alikuambia uondoe vyote hivi?" Sikuwa na jibu. Mtoto alipochunguzwa vizuri, ilibainika kuwa shida ni njugu karanga peke yake. Yai na maziwa niliyomnyima hayakuwa na hatia.

Ndugu zangu, hapa Ukambani tunajua mvua ikikosa chakula kinakuwa kigumu kupatikana. Kumwondolea mtoto yai au maziwa bila sababu ni kumnyima sehemu kubwa ya kile kinachomjenga. Lakini pia kumrudishia njugu mtoto mwenye mzio wa njugu kunaweza kumuua. Kwa hiyo makosa yako pande zote mbili, na njia ya kuyaepuka ni moja: mtoto achunguzwe.

Mzio wa chakula ni kinga ya mwili kukosea na kukiona chakula cha kawaida kama adui. Dalili za ule mzio wa haraka huja ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula: midomo au macho kuvimba, vipele vya kuwasha, kutapika, kukohoa, kupumua kwa shida. Vyakula vinavyosababisha mzio mara nyingi kwa watoto ni maziwa ya ng'ombe, mayai, njugu, soya, ngano na samaki.

Si kila ugonjwa unaofuata chakula ni mzio. Sisi wa Makueni na majirani zetu wa Kitui tunalijua hilo kuliko wengi. Mwaka wa 2004 mahindi yaliyoota ukungu yalituletea sumukuvu, ile inayoitwa aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wa waliougua wakitoka kaunti zetu hizi mbili. Sumu hugonjesha yeyote aliyekula kutoka sufuria moja, na dalili yake kubwa ni macho kuwa ya manjano kwa sababu ini limeumia. Mzio humchagua mtoto mmoja huku ndugu zake waliokula naye wakicheza nje. Ndiyo maana swali la kwanza la daktari linaweza kuwa: nani mwingine alikula, na alikuwaje?

Sasa, uchunguzi unaanza wapi? Hauanzi na mashine. Unaanza na maelezo yako wewe mzazi. Mtoto akipata dalili, andika mambo matano: alikula nini na kiasi gani, dalili zilianza baada ya dakika ngapi, zilikuwa zipi, zilidumu muda gani, na kama amewahi kula chakula hicho tena na nini kilitokea. Piga picha vipele kwa simu, kwa maana utakapofika zahanati huenda vimeshapotea. Kama ni uji wa mchanganyiko, orodhesha kila kilichotiwa ndani. Afadhali zaidi, mtoto anapoanza chakula akiwa na miezi sita, mpe kitu kipya kimoja kimoja. Ukichanganya vitano siku ya kwanza kama mimi, hutajua ni kipi kilichomdhuru.

Nenda na maelezo hayo zahanati iliyo karibu, uwe uko Kibwezi, Mbooni, Mutomo au Mwingi. Zahanati haitakuwa na vipimo vya mzio, lakini itamchunguza mtoto, itampima uzani na kumwandikia rufaa kwa daktari wa watoto katika hospitali ya rufaa ya kaunti, hapa Wote au mjini Kitui. Daktari akiona haja ya vipimo, mara nyingi hiyo humaanisha safari ya Nairobi. Hakikisha familia imesajiliwa na SHA, na uulize mapema gharama ipi utalipa mwenyewe.

Vipimo vyenyewe ni viwili. Cha ngozi: tone la chakula kinachoshukiwa huwekwa mkononi au mgongoni, ngozi inachomwa kidogo sana, na baada ya dakika 15 hadi 20 wanaangalia kama pamevimba. Dawa za kuzuia mwasho huficha matokeo, kwa hiyo uliza siku ngapi kabla uziache. Cha pili ni cha damu, kinachotafuta kingamwili ziitwazo IgE. Vyote viwili vinahitaji kusomwa pamoja na yale uliyoandika. Kipimo kinaweza kuonyesha mayai ilhali mtoto anakula mayai kila wiki bila shida. Mtoto huyo hana mzio wa mayai, aendelee kuyala. Mahali palipo na shaka, daktari anaweza kumlisha mtoto kidogo kidogo akiwa hospitalini, chini ya uangalizi. Usijaribu hilo nyumbani. Na mtu akikuuzia kipimo cha IgG kinachotoa orodha ndefu ya vyakula vya kuacha, weka pesa yako mfukoni; wataalamu wa mzio hawakitumii kutambua ugonjwa huu.

Mambo mawili ambayo huulizwa sana. Je, mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe apewe ya mbuzi? Hapana. Protini zake zinafanana sana na wengi hupata dalili zile zile. Endelea kunyonyesha na umwone daktari kuhusu mbadala.

Je, tuwacheleweshe watoto wote njugu na mayai ili wasipate mzio? Tulikuwa tukiambiwa hivyo zamani. Mwaka wa 2015 watafiti wa London walitoa matokeo ya watoto 640 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio. Waliopewa njugu mapema walipata mzio wa njugu wachache mno kuliko walionyimwa hadi miaka mitano. Kwa hiyo mtoto asiye na dalili aanze baada ya miezi sita, njugu zikiwa zimesagwa laini, kamwe si punje nzima, na ziwe safi zisizo na ukungu. Mtoto mwenye ukurutu mkali wa ngozi, au aliyewahi kupata mzio, aonwe na daktari kwanza.

Mwisho, hatari yenyewe. Mtoto akikohoa au kupumua kwa shida, sauti ikabadilika, akilegea au akitapika mfululizo pamoja na vipele, usingoje kama nilivyongoja mimi. Mlaze, akiwa anahema kwa shida, mpakate akiwa ameketi. Usimpe maziwa ya kuondoa sumu, wala mkaa, wala yai bichi. Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu na useme wazi: "Ni mzio." Dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye paja, upande wa nje. Dawa ya mwasho haiwezi kuchukua nafasi yake.

Mwanangu sasa anakula yai na kunywa maziwa. Njugu haziingii jikoni kwetu, na susu yake, jirani na mwalimu wake wa chekechea wanajua kwa nini. Watoto wengi hukua wakashinda mzio wa maziwa na mayai; wa njugu mara nyingi hudumu, kwa hiyo tunarudi kliniki kila tunapoitwa.

Mkirudi nyumbani leo, kama kuna chakula mnachomnyima mtoto, jiulizeni alichokiuliza muuguzi yule: nani alituambia? Kama jibu si daktari, rudini hapa naye.