Mafunzo ya Mbio Fupi

Aghalabu mwalimu wa michezo wa nyanda za Kitale na Bungoma, kwa kuwa amezoea kuzisikia sifa za wakimbiaji wa masafa marefu, humwamrisha kijana wa mita 100 auzunguke uwanja mpaka atwete, ilhali mbio zake hukoma katika sekunde 10 hadi 12, na kinachohitajiwa humo ni nguvu ya ghafla wala si ustahimilivu wa pumzi. Mbio fupi nazo hustawi huku: Ferdinand Omanyala, aliyesoma Shule ya Friends Kamusinga, Bungoma, na kucheza raga kabla ya kuingia katika riadha, aliweka rekodi ya Afrika ya mita 100, ya sekunde 9.77, pale Kasarani tarehe 18 Septemba 2021.

Basi kijana na akimbie mita 30 kwa kasi yake yote, kisha apumzike dakika 3 au zaidi ndipo arudie; na hapo ndipo walimu wengi hukosa subira, wakamdhania aliyeketi kuwa mvivu. Mtazameni atokapo katika vibao vya kuanzia: kiwiliwili kimeinama, mguu unaosukuma unanyooka kabisa, na kichwa hakiinuki mpaka hatua kadhaa zimepita. Mwinuko wa Kitale, unaokaribia mita 1,900, haumdhuru. Hewa nyepesi humpunguzia ukinzani, kama ilivyodhihirika katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Kasi ikianza kupungua, mazoezi ya siku hiyo na yakomeshwe, hata kama wasaa ungalipo.