Jukwaa la Magurudumu: Shuka Kwanza, Ndipo Lisukumwe
(Hotuba kwa mafundi na wakaazi wa Masimba)



Jukwaa la magurudumu limerahisisha kazi ya kupiga plasta na kupaka rangi. Hatari huanza fundi anapobaki juu huku wenzake wakilisukuma ili kuokoa dakika chache. Gurudumu likikwama kwenye jiwe au shimo, jukwaa hupinduka. Na hapa kwetu Kisii ni miteremko, na mvua hulainisha udongo.

Kwa hivyo watu washuke kwanza, na vifaa viteremshwe. Jukwaa lisimame mahali tambarare na pagumu, breki zote zifungwe. Liundwe na aliyefunzwa, na likaguliwe kila siku 7 na baada ya mvua kubwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi mafunzo na usimamizi. Ukiona hatari kubwa, mjulishe msimamizi. Haruhusiwi kukurudisha pale kabla hatari haijaondolewa. Kibarua wa siku moja pia analindwa.

Ukuta usiopakwa rangi leo utapakwa kesho.